Sketi Niliyomshonea Lanyero

Hasifa alinikuta kanisani Luzira, saa nne asubuhi, nikipiga pasi vitambaa vya altare. Yeye ni Mwislamu, jirani wa ukuta mmoja na mdogo wangu Lanyero, na sikuwahi kumwona akivuka mlango wa kanisa. Siku hiyo aliingia mpaka ndani bila kubisha.

"Dada Rosalba, zima hiyo pasi."

"Kuna nini?"

"Zima kwanza, nyabo," akasema, kwa heshima ile ya Waganda.

Nilizima. Akaniambia Lanyero alianza kutapika damu alfajiri, nyeusi kama machicha ya kahawa. Walimpakia kwenye gari la jirani, akakata roho kabla hawajafika hospitali. Nikauliza swali la kijinga: "Alikula nini?" Hasifa akafungua mkoba wake na kumwaga juu ya kitambaa cheupe pakiti tupu za vidonge vya maumivu, rundo zima.

"Alikula hizi," akasema. "Chini ya godoro zimejaa nyingine."

Lanyero alizaliwa katika kambi ya askari wa magereza, ambako baba yetu, Mwacholi wa Kitgum, alifanya kazi mpaka akastaafu. Mama alitutoka Lanyero akiwa darasa la pili. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimeanza ushonaji, nikabaki naye. Alirefuka ovyo. Miguu ilikwenda juu, mikono ikabaki mifupi. Kila mwaka nilipomshonea sare nilipunguza mikono ya blauzi na kuongeza urefu wa sketi. Hakuna mtu duniani aliyejua vipimo vya mwili ule kunishinda mimi. Hilo ndilo linalonichefua leo kuliko yote.

Alipokua alipata kazi katika soko la Owino, kwa mwanamke mmoja anayeuza mitumba. Kazi yake ilikuwa kufungua marobota na kupanga nguo, lakini wabebaji wakichelewa aliyanyanyua mwenyewe. Wanaume wa pale walimwita Kreni, naye aliitika. Alipenda kuwa na nguvu. Wenzake walipenda wigi na simu mpya. Yeye alipenda kitu kizito kiondoke chini kwa mikono yake. Ndipo akaanza kwenda jimu ya Ambroise, Port Bell, nyuma ya gereji.

Nilifika huko mara moja tu. Mabati, chuma chenye kutu, jasho la wanaume limechanganyika na grisi. Nilishika pua. Ambroise ni Mkongomani mwenye shingo nene, anayeongea Kiswahili cha Bukavu kama mtu anayenadi samaki. Lanyero alikuwa amesimama mbele ya chuma kirefu kilicholala sakafuni.

"Simama kwanza miguu karibu, kama hawa wanaume," Ambroise alimwambia. "Inama. Ona mugongo yako! Imelala kama meza. Miguu mirefu, mikono mifupi, utafika chini na nini? Na mugongo. Sasa panua. Vidole viangalie inje. Mikono ishuke katikati ya magoti. Si sana! Ukipanua sana, nyonga itakatala. Rudisha kidogo. Hapo."

"Hapa nasikia mapaja yanafanya kazi," Lanyero akasema. "Mgongo umenyamaza."

"Eeh! Kila mutu na mifupa yake, mama. Usiige miguu ya mutu."

Chuma kikaondoka chini kimya kimya. Sikupenda nilichokiona, lakini mgongo wake ulikuwa umenyooka, na uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayetoka kupokea Komunyo. Nililiona hilo. Siwezi kudai sikuliona.

Wahuni wawili pembeni walikuwa wanarekodi kwa simu.

"Anazaa! Leteni mkunga!"

"Mtoto akifanana na wewe," Lanyero akamjibu mmoja bila kugeuka, "namrudisha tumboni."

Wiki hiyo hiyo video ilifika kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa jumuiya yetu. Mama Aloyo, mwenyekiti wetu, hakuandika. Alipiga simu kabisa. "Rosalba, huyu aliyeachanisha miguu mbele ya wanaume si yule mtoto uliyemlea?" Nilijisikia nimevuliwa nguo. Nikamwita Lanyero kwangu.

"Mwanamke hasimami vile."

"Dada, nilikuwa nanyanyua tu."

"Nyanyua umefunga miguu."

"Nikifunga, mgongo unaumia. Ambroise amenipima."

"Nami nimekupima tangu una miaka saba. Acha, basi."

"Siwezi kuacha, dada. Hiki ni kitu changu."

Nilijiona mwenye busara sana nilipopata njia ya katikati. Nikamshonea sketi ya gabadini ya kahawia, inayofika chini ya magoti, pindo nimelibana kiasi kwamba miguu haikuweza kuachana zaidi ya shubiri moja. Nilimwambia akitaka kwenda kwenye vyuma vyake avae hiyo, Owino pia, na bila hiyo asikanyage kwangu. Alipiga magoti, akaipokea kwa mikono miwili. "Asante, dada." Nyumbani kwetu mdogo habishani na aliyemlea. Nilijua hivyo wakati nashika futi ya kupimia. Niliisalia hata rozari ile kazi, Mungu anisamehe, nikidhani namshonea usafi wa moyo.

Aliivaa miezi minane. Kila Jumapili alikuja kula kwangu, na mimi nilifurahi kumwona anatembea polepole, kwa adabu. Ile haikuwa adabu. Ulikuwa mgongo.

Wakati wa matanga, kabla ya kwenda kuzika, akina mama wa jumuiya walijaa uani kwangu. Walikula wali wangu, wakajipangusa mafuta midomoni, wakanisimulia kifo cha mdogo wangu.

"Ni vile vyuma," Mama Aloyo alisema, akinyonya mfupa. "Tulisema."

"Daktari anasema ni vidonge," nikajibu. "Alivila kila siku mpaka vikamtoboa tumbo."

"Na vidonge alivila kwa sababu ya nini? Vyuma!"

Ambroise alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, kikombe cha chai mkononi. Nilimgeukia mbele yao wote.

"Kwa nini hukumkataza?"

"Nilimukataza, mama. Nilisema, vua hiyo sketi, ama ongeza mupasuko. Akasema, dada ameishona."

Hakuna aliyeacha kutafuna. Nikawaambia wazi: sketi niliikata mimi, pindo nililibana mimi, na mtoto alinieleza kwa mdomo wake kwamba mgongo unaumia. Mama Aloyo akanishika bega kwa mkono wenye mafuta. "Usijilaumu, Rosalba. Mungu amempenda zaidi."

Mungu hakuishona ile sketi. Niliutoa mkono wake begani, nikamwambia anyamaze au aende kwake. Akachukua kipande kingine cha nyama.

Hasifa alikuwa ameniletea nguo za marehemu. Sketi ilikuwemo, imekunjwa vizuri, inanuka dawa ya kuchua. Niliipeleka dirishani, nikapitia mishono yote kwa kucha, nikitafuta mahali alipofumua japo uzi mmoja. Hakufumua. Niliitupa chooni, nikaosha mikono kwa sabuni ya kufulia, nikaosha tena. Nimeungama kwa padre, amenipa kitubio, na naamini nimeondolewa dhambi maana ndivyo tunavyofundishwa. Lakini nikikaa kwenye cherehani, mikono hii bado inaninukia.

Tulimzika Jumamosi, nyumbani kwa baba, Kitgum. Gari lilitoka Luzira Ijumaa baada ya misa. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Hasifa na Ambroise walikuja, Mama Aloyo hakuja. Kaburi lilichimbwa upande wa kushoto wa kaburi la mama. Katekista alisoma Injili, akasema sala, akanyunyiza maji ya baraka. Wanaume wanne walilishusha jeneza kwa kamba. Baba alitupa udongo kwanza, kisha kaka yetu Okidi, kisha mimi. Nilisema, "Lanyero, nisamehe," na watu walionizunguka walisikia. Waliobaki wakashika majembe wakafukia. Tuliimba wimbo mmoja wa Kiacholi, tukanawa mikono, tukala maharage na ugali wa posho, na saa kumi gari likaondoka.