Plasta Juu ya Kamera

Kompyuta ya dukani kwangu ina kipande cha plasta juu ya kamera. Ni plasta ya kawaida, ya kubandika kidonda, ambayo sasa imeshika vumbi na kukunjamana pembeni. Wateja walipouliza kompyuta imeumia wapi, nilikuwa nawaeleza kwa kirefu, maana kueleza ndio ugonjwa wangu. Niliwaambia kuna watu wanaoweza kuingia kwenye kompyuta yako wakiwa kwao, wakaiwasha kamera bila wewe kujua, wakakutazama unavyochokonoa pua. Mama mmoja wa Katumba, aliyekuja kutoa kopi, aliniuliza kwa upole kabisa ni nani huyo mwenye bando la kuchezea hata alimalize kwa kunitazama mimi. Watu waliokuwa dukani walicheka. Mimi nami nilicheka, ila moyoni nilimwona hajui dunia imefika wapi. Siku hizi nikiulizwa kuhusu hiyo plasta nasema nimeikuta hapo.

Nina steshenari hapa Mpanda mjini, hatua chache kutoka sokoni. Nachapa, natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nawajazia watu maombi ya mtandaoni, na simu ikigoma kuwaka naletewa mimi kwanza kabla ya fundi. Napenda vifaa kupita kiasi. Mke wangu husema nyumba ikiungua nitaokoa chaja, halafu nirudi kuuliza watoto wako wapi. Siwezi kuona redio mbovu nikaiacha bila kuifungua. Nikipata simu mpya mkononi, hata ya mteja, nasikia raha ambayo ni bora nisiieleze hapa.

Simu janja ukiiwasha mara ya kwanza inadai akaunti, na akaunti inadai barua pepe. Watu wengi wanaokuja kwangu hawana, wala hawaoni kwa nini wawe nayo. Wanasema, "Weka yoyote, mwalimu, mradi iwake." Mimi si mwalimu, ila jina hilo lilinipendeza, sikulikataa. Kwa wageni nilifungua akaunti mpya. Kwa watu wangu wa karibu niliona huo ni usumbufu, nikaweka ya kwangu mwenyewe. Majina yote ya simu yanaingia yenyewe, simu ikipotea naitafuta mimi, wao hawahangaiki na neno la siri. Nilijiambia huo ni upendo. Ndivyo nilivyofanya kwenye simu ya mama mkwe.

Wakwe zangu ni Wasukuma, walihamia huku na ng'ombe mke wangu akiwa bado mdogo, wakakaa upande wa Majimoto, wanakolima mpunga na kufuga. Mimi ni Mfipa niliyekulia hapa hapa mjini. Kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hatushikani mikono, hatuli sahani moja, jina lake silitamki, na akija kwetu yeye hukaa chumba cha ndani, mimi sebuleni, katikati pazia. Nikitaka kumwuliza kama ameshiba namwambia mke wangu, mke wangu anamwuliza, naye anajibu kwa sauti ambayo mimi pia naisikia vizuri. Mwanzoni niliona ni mchezo wa kuigiza. Baadaye niliupenda huo utaratibu, kwa sababu ndani yake kila mtu alijua macho yake yaishie wapi.

Kwa kuwa jina lake silitamki, hata kuliandika kwenye simu niliona vibaya. Nikamwandika "Kamera". Siku ya kwanza kufika kwangu aliona, akiwa bado mlangoni, kwamba bati linavuja, kwamba mtoto ana minyoo, na kwamba mimi na binti yake tumenuniana. Nililiona jina hilo ni utani mzuri sana. Baba mkwe alikuwa "Mzee Kitochi", kwa sababu alikataa katakata kuachana na simu yake ndogo ya tochi.

Mwaka jana nikamnunulia mama mkwe simu ya kupangusa. Hajui kusoma, basi nikawasha ile sauti inayotaja jina la anayepiga. Ni sauti ya mashine, inasoma Kiswahili kama mzungu aliyeshuka kwenye ndege jana. Basi la Majimoto lilikuwa limeshaondoka naye ndipo nikakumbuka kwamba majina yaliyomo ni yale niliyoandika mimi. Nikajifariji kwamba kwa matamshi yale hakuna atakayeelewa.

Halafu picha zikaanza kuja. Kila simu yake iliponasa mtandao, picha alizopiga ziliingia kwenye simu yangu zenyewe, kwa sababu ya ile akaunti moja. Ndama. Sufuria. Kidole gumba chake. Ndama tena. Nilimwonyesha mke wangu, tukacheka hadi machozi kwa picha ya mbuzi aliyekatwa kichwa na fremu. Mke wangu alidhani mama yake ndiye ananitumia, akafurahi kwamba siku hizi tumezoeana kidogo. Sikumsahihisha. Mama mkwe hakujua chochote. Na mimi, mwenye plasta juu ya kamera, sikuona tatizo.

Jumanne moja mchana nilikuwa dukani peke yangu, umeme umekatika, nachezea simu. Ikaingia picha. Niliifungua nikitegemea ndama.

Lilikuwa titi la mwanamke mtu mzima, limeinuliwa kwa mkono kutoka chini ili lionekane vizuri. Upande mmoja ngozi ilikuwa imevutwa ndani, ina vitundu vidogo kama ganda la chungwa, na karibu yake kidonda. Uso haukuwepo. Ila begani kulikuwa na kitenge cha bluu chenye ndege, na kitenge hicho nilikinunua mimi.

Niliifuta. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Kisha nikaweka simu mezani, kioo chini, nikatoka nje nikasimama juani kama mtu anayesubiri bodaboda. Mwili wote ulikuwa unawaka aibu. Kwamba ukifuta picha kwenye akaunti moja inafutika kwenye simu zote, hilo nalijua, huwaeleza wateja kila mara, tena kwa mbwembwe. Siku ile halikunijia kabisa. Nilichotaka ni kitu kile kisiwe kimetokea.

Usiku ule sikumwambia mke wangu, wala kesho yake. Nitaanzaje? Nimwambie nimemwona mama yako? Nilijipa maneno: labda ni jipu, labda ameshapata dawa, labda wanawake wameshaambizana wenyewe. Nilikuwa natengeneza simu za watu huku nikijua kitu ambacho binti yake mwenyewe hakijui. Na kila nilipokaribia kusema, niliona kwanza sura yangu mwenyewe ikitazamwa.

Wiki haikuisha, mama mkwe akaja. Nyumbani kwake aliaga kwamba anakuja kumwona mjukuu. Asubuhi iliyofuata nikaona wanavaa, yeye na mke wangu, wakaondoka kuelekea hospitali. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Nikasema sasa limekwenda panapohusika, na mimi sikuhitajika.

Walirudi mapema mno. Mama mkwe alipita moja kwa moja chumbani, pazia likaanguka nyuma yake. Mke wangu akanivutia uani.

"Mama amekataa kuvua," alisema.

"Kuvua nini?" nikauliza, na unafiki wangu niliusikia mwenyewe.

Akanieleza yote. Mama ana uvimbe kwenye titi, ameuficha tangu kabla ya mavuno, hata baba hajui. Daktari waliyemkuta ni kijana mdogo, rika la mdogo wake wa mwisho. Lakini mama alikuwa amejiandaa. Huko kwao alijifungia chumbani akajipiga picha, ili daktari aonyeshwe simu badala ya mwili. Simu si ndiyo hiyo mkwe wake alimwambia inafanya kila kitu? Wakaifungua mbele ya daktari. Wakapitisha ndama, masufuria, vidole. Picha haipo. Daktari akasema basi hana budi kumpima mwenyewe, na mama akafunga vitenge vyake akasimama.

"Anasema kesho anarudi Majimoto, atatumia dawa za miti," mke wangu alisema. "Nyie mafundi, hivi simu inakula picha? Irudishe. Ila usiitazame, mume wangu. Nakuomba."

"Naweza kuirudisha. Haijapotea kabisa."

"Utajuaje ni ipi bila kuitazama?"

Ningeweza kudanganya. Maneno ya kompyuta yapo mengi, na nyumbani hakuna wa kunipinga.

"Naijua," nikasema.

Aliniachia mkono. Kisha akaingia ndani, nami nikamfuata hadi sebuleni, nikabaki nimesimama mbele ya pazia. Sijui alinong'ona nini kule chumbani. Nilisikia kitanda kikilia, kama mtu aliyekuwa amelala ameketi.

"Mwulize baba," sauti ya mama mkwe ikasema, akimaanisha mimi, "ameionea wapi."

Mke wangu hakuuliza. Hapakuwa na haja.

"Simu yako na yangu zinatumia akaunti moja, mama," nikasema. "Ukipiga picha kwako, inakuja na kwangu."

"Zote?"

"Zote."

"Tangu siku umenipa?"

"Tangu siku ile."

"Kumbe wale ndama hakuwa anakutumia," mke wangu alisema taratibu, na hilo liliniuma kuliko angenitukana.

"Na ilipotea vipi?" sauti ikauliza.

"Niliifuta mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa aibu, mama."

"Aibu ya nani?"

Ilikuwa ya kwangu. Ingekuwa ya kwake, ningemwambia binti yake siku ile ile, hata kwa kumtuma jirani, hata kwa kuandika kwenye karatasi. Niliyekuwa namsitiri ni mimi, na mama wa watu alikuwa anataka kurudi Majimoto na kile kidonda kwa ajili yangu.

Nje mtoto alikuwa anaburuza ndoo.

"Hiyo picha iache huko huko," mama mkwe alisema hatimaye. "Ameshaniona mkwe wangu. Huyo daktari ni mtoto wa watu tu. Mwambie baba akatafute bajaji, twende kabla hawajafunga."

Nilikwenda kutafuta bajaji nikiwa karibu nakimbia.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi la nje, mke wangu katikati. Walipoitwa, mama mkwe alisimama, akapita mbele yangu, akanyoosha mkono wenye simu bila kunitazama. "Shika, baba. Huko ndani siihitaji." Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha bila pazia. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Nilikaa nayo mapajani, kioo chini. Mkono ulikuwa umezoea kufungua kila simu inayoupata, nikaukalia. Na hapo ndipo ikaita. Sauti niliyoiwasha mimi mwenyewe, tena nikaipandisha hadi mwisho ili isikike hata shambani, ikatangaza kwa watu wote wa benchi lile kwamba Mzee Kitochi anapiga. Ikatulia, ikaanza tena. Mzee Kitochi anapiga. Mzee mmoja mwenye bandeji akageuka kuniangalia. Wasichana wawili wakafunika midomo kwa khanga.

Kuinyamazisha ni kubonyeza kitufe kimoja. Kupokea pia ni rahisi. Lakini baba mkwe alikuwa hajui kitu, na angeniuliza mkewe yuko wapi, na mimi ningejibu nini? Hilo halikuwa langu la kusema, na simu haikuwa yangu ya kubonyeza. Niliiacha ipige kelele. Nilitazama miguu yangu hadi ikachoka yenyewe.

Walitoka baada ya muda. Macho ya mke wangu yalikuwa mekundu. Daktari amesema uvimbe si wa kusubiri, watachukua kinyama wakapime, kisha huenda wakatupeleka Mbeya. Amesema pia afadhali wamekuja leo. Mke wangu akaenda kupanga foleni kwenye dirisha la dawa, tukabaki wawili, mama mkwe amesimama, mimi nimesimama, katikati yetu benchi.

"Umepigiwa, mama," nikasema, nikimpa simu.

"Na nani?"

Nikajikuna kisogo.

"Mzee Kitochi?" akauliza. Hakutabasamu. "Hiyo sauti inamwita hivyo tangu mwaka jana. Wajukuu wote wanamwita hivyo sasa. Mwenyewe anajua ni wewe."

Sikuwa na pa kuweka uso. Mwaka mzima nimekula ugali kwa mzee yule, nimepewa maziwa, nimeagwa kwa heshima zote, na anajua.

"Na mimi umeniandika nani?"

Neno la kudanganya lilikuwa tayari mdomoni. "Mama" tu lingetosha, na hajui kusoma, asingelihakikisha.

"Kamera," nikasema.

Akanitazama. Tangu nimwoe binti yake alikuwa hajawahi kunitazama usoni. Macho yake ni kama ya mke wangu, ila yamechoka zaidi.

"Kamera ni wewe, baba," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsahihisha mtoto aliyekosea kuhesabu ng'ombe.

Akaifunga simu kwenye pindo la khanga, akakaza fundo, akaenda kumfuata binti yake dirishani.