Kanda ya Saa Moja

Kazi ya kusikiliza redio ambayo watu walikwisha kuisikiliza zamani niliipata Malindi, miaka ya themanini, baada ya kuacha kazi nyingine saba. Nilikuwa nimekata mkonge Vipingo, nimeuza pweza Kuruwitu, nimetunza bustani ya hoteli mpaka nikagombana na tausi wao. Shule niliiacha darasa la sita, lakini popote nilipokaa sikukosa maswali. Msimamizi wa maktaba ya mjini, mama mmoja wa Kigiriama mwenye miwani mizito, alichoshwa nayo hata akaona afadhali aniajiri.

"Keti hapa," akaniambia. "Sikiliza, kisha uandike kwenye kadi nani anasema na anasema nini. Usiniulize mimi. Iulize mashine."

Mashine yenyewe ilikuwa ya zile kanda za magurudumu, kubwa kama cherehani. Kanda zilijaa masanduku matatu. Ziliachwa na Mzungu mmoja aliyekaa Malindi kabla ya uhuru. Alikuwa akirekodi redio ya Mombasa ili ajifunze Kiswahili. Kila kanda aliiandika mwezi na saa, basi.

Habari za kazi yangu zikafika barazani, palipouzwa kahawa karibu na msikiti. Hapo alikaa mzee mmoja ambaye ujanani alikuwa mpika chai katika kituo hicho cha redio. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliwahadithia wenzake kuwa siku moja msomaji alikaukwa na sauti, naye akawekwa kitini asome matangazo ya vifo ya saa moja jioni. Na kwa miaka hiyo yote wenzake walimcheka.

"Ulilisomea birika," walimwambia.

Siku iliyofuata mzee akaja maktabani, kanzu imepigwa pasi.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Nitafutie mwezi wa Novemba, saa moja. Hawa watu wamenichosha."

Nikatoa kanda za Novemba zilizoandikwa moja. Zilikuwa nne. Nilizisikiliza siku tatu. Palikuwa na mama akifundisha kupika ndizi kwa nazi, bwana akieleza kwa uchungu mwingi magonjwa ya kuku, na salamu zisizokwisha. Vifo havikuwamo. Nami, kwa ujinga wangu, badala ya kumwendea mzee faraghani, nikaenda moja kwa moja barazani nikasema mbele ya wote, "Hayumo."

Walicheka mpaka mmoja akajimwagia kahawa. Mzee akaweka kikombe chini kikiwa nusu.

"Kahawa ya hapa siinywi tena mpaka sauti yangu ipatikane," akasema, akaondoka.

Hakuwa na mzaha. Kila alasiri alipita upande wa pili wa barabara, akaenda kunywa chai ya maziwa peke yake kwenye mkahawa wa watu wa bara, naye chai ya maziwa humvuruga tumbo. Barazani nako kukapooza. Walikuwa hawana wa kumtania, wakaanza kutaniana wao kwa wao, na wawili wakanuniana. Nilipopita waliniangalia kama niliyewaibia kitu. Nilitaka kuhama mji, kama ilivyokuwa kawaida yangu, lakini safari hii kosa lilinishika miguu.

Msimamizi akaniona nimejiinamia. "Ulitafuta saa moja ipi?"

"Saa moja. Imeandikwa moja."

Akavua miwani. "Nani aliandika?"

"Mzungu."

"Na Mzungu akikwambia saa moja, kwako huwa saa ngapi?"

Nilifanya kazi hotelini miaka miwili. Sikuhitaji mtu wa kunieleza kwamba moja yao ni saba yetu, na saba yao ni moja yetu.

"Umesikiliza chakula cha mchana siku tatu," akasema, akarudi kwenye vitabu vyake.

Nikatoa zilizoandikwa saba. Katika ya pili nikasikia sauti nyembamba, yenye haraka, ikisema naam kila baada ya sentensi. Ilitaja jina la bwana mmoja wa kijiji cha Ganda, ikasema, "Amefariki dunia jana. Naam. Mazishi ni kesho. Naam. Marehemu anawaomba jamaa wote wafike bila kukosa."

Nikawaita wote. Watu wa baraza walivua viatu mlangoni kama wanaoingia msikitini, ingawa msimamizi aliwaambia si lazima. Mzee akakaa mbali nao. Nikawasha mashine. Marehemu alipowaomba jamaa wafike, mmoja wao, aliyemtania mzee kuliko wote, akajifuta macho.

"Ni yeye," akasema. "Naam hiyo ni yake."

"Si mimi," akasema mzee.

Tukamgeukia sote.

"Sauti yangu ilikuwa nzito. Huyo analia kama kifaranga. Tena mimi siwezi kualika watu kwa niaba ya maiti."

"Ndiwe wewe, bwana. Sema naam tusikie."

"Sisemi."

Basi waliomkanusha miaka ishirini wakawa wanamthibitisha, naye aliyedai akawa anakana. Msimamizi akawaambia yeye anataka jina la msomaji, kwa sababu kanda isiyo na jina kwenye kadi haiingii rafuni, na kwamba ugomvi uende nje. Ukaenda nje, ukavuka barabara, ukakaa barazani kwa kuwa ndiko kwenye viti.

Nilipowafuata na kadi yangu, mzee alikuwa mahali pake pa zamani, kikombe cha tatu mkononi, amezungukwa pande zote.

"Niandike nani, ami?"

Akafikiri. "Andika mpika chai wa kituo. Hilo sikatai."

Nikaandika. Akaniita nisogee karibu.

"Kanda za Desemba zipo?" akauliza. "Maana Desemba nilisoma tena. Desemba sauti ilikuwa nzito."

Hakuna aliyecheka. Yule mtaniaji akamjazia kikombe, akamwuliza Desemba alisoma saa ngapi.