Tulienda haunted house ya Halloween hapa Sydney, mlango ukaanza kupigwa mateke

Wakuu, natumaini mko salama. Hii siyo chai, nilikuwepo mwenyewe.

Nakaa Granville, nafanya aged care, kazi ya kutunza wazee. Shift nyingi nipo na mfanyakazi mwenzangu, mama mmoja Mkongomani, tunamwita Mama Neema. Mpole, mtu wa kanisa. Alikaa kambi ya wakimbizi miaka mingi kabla ya kuletwa huku.

Binti yake Neema ana miaka kumi na mbili. Kiswahili anakielewa vizuri, ila ukimsemesha anajibu kwa English.

Halloween iliyopita Neema alimbembeleza mama yake hadi akakubali. Jamaa walikuwa wamegeuza ghala moja upande wa Lidcombe kuwa nyumba ya kutisha. Mimi ndiye mwenye gari, tukaenda watatu. Jua lilikuwa bado linawaka.

Kwa wasiojua: unalipa, unatishwa, unatoka unacheka. Wenyeji wanapenda kweli.

Vyumba vya kwanza freshi tu. Mifupa ya plastiki, moshi, dada kajipaka damu ya rangi. Mama Neema akacheka, "Bazungu habana kazi."

Chumba cha mwisho kilikuwa sebule. Kochi, TV, meza ya chakula. Taa zikazima. Mara wanaume wakaanza kuupiga mlango mateke huku wakifoka.

Mama Neema hakupiga yowe.

Alimvuta Neema chini ya meza, akamlalia, akamziba mdomo. Akaninong'oneza, "Lala chini! Usiseme kitu. Batatusikia."

Neema akajinasua kidogo. "Mum, it's fake! Stop!"

Mama hakusikia.

Nikapiga kelele wasimamishe. Taa zikawaka. Mwigizaji mmoja, mtu mzima mwenye mvi, akavua mask na kukaa sakafuni, mbali kidogo na meza.

"Sorry, love. It's over. Nobody's coming in."

Alirudia taratibu mpaka mama akamwachia mtoto.

Huko parking Neema alikuwa na hasira na aibu. "What was that, Mum?"

Mama yake alikaa siti ya nyuma, mlango wazi. Halafu akasema:

"Kule kwetu balivunja mlango hivi hivi. Wewe ulikuwa mugongoni. Kaka yako alikuwa chumba ingine. Sikumufikia."

Neema hakuwahi kujua kama alikuwa na kaka. Hata mimi, pamoja na kufanya naye kazi muda wote huo, sikujua.

Mtoto akaingia, akakaa karibu yake. Kisha akauliza kwa Kiswahili, mara ya kwanza namsikia:

"Mama, alikuwa anaitwa nani?"

"Olivier."

Njia nzima hadi kwao Guildford mmoja aliuliza, mwingine akajibu. Alipenda kula nini. Alifanana na nani. Mimi niliendesha tu, barabara naiona kwa machozi.

Nilichojifunza wakuu: mtu unaweza kupiga naye shift kila wiki na usijue amezika nini. Na watoto wetu tunawaficha mambo tukidhani tunawalinda, kumbe wanaishi na wazazi wasiowafahamu.

Kama kwenu kuna jina ambalo halitajwi, mlianzaje kulizungumza? Nasoma comments zote.