Mume wangu aliapa hakuligusa giaboksi, sasa ami yangu ndiye atakayeomba radhi

Admin, nisitiri jina langu. Huku Mji wa Kale neno likitoka dirisha hili huingia la jirani bila hata kushuka ngazi.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nimeolewa na nina watoto wawili. Marehemu babangu aliniachia gari la otomatiki, la zamani, ambalo mume wangu huliita "bibi kizee". Kwa huyo huyo bibi kizee nawapeleka watoto wa majirani shule Ganjoni na kuwarudisha, na ndiyo kazi yangu. Tangu enzi za baba, anayelitengeneza ni ami yangu, ndugu yake baba. Ndiye pia aliyeniozesha baba alipokwisha kufariki.

Ami ana masharti yake. Giaboksi kongwe haitiwi mafuta yoyote tu. Yeye hutia aina ile ile iliyoandikwa kwenye dipstiki, kile kijiti cha kupimia mafuta; ni yale mekundu. Hufungua nati chini, hupima yaliyotoka, hurudisha kiasi hicho hicho, basi. Nimemtazama tangu msichana, mpaka nayajua kwa moyo.

Sasa mume wangu. Ni mtu mwema, Mungu anajua, lakini ana wivu usio na dawa. "Mume ni mimi, lakini gari likikohoa huitwa ami," hupenda kusema. Mimi nilidhani ni utani.

Juzi juzi nilikwenda Lamu kwenye arusi, nikamwachia funguo. Niliporudi, gari halikuwa lile. Ukilitia gia linasita, kama mtoto aliyeitwa akaoge, halafu linaruka kwa kishindo. Likipata mwinuko kidogo injini inalia na gari haliendi. Nikamwita ami. Alichomoa dipstiki, akaipangusa kwa kitambaa, akakitazama kitambaa kwa muda, kisha akanitazama mimi. Akasema, "Liegeshe kwanza, mwanangu," akaenda zake.

Nilipomuuliza mume wangu, jibu lake lilikuwa tayari: "Muulize ami yako. Si yeye aliyebadilisha mafuta baada ya Idi?" Kweli alibadilisha, na tangu hapo gari likienda laini mpaka nilipoondoka.

Laiti angeishia hapo! Baada ya alasiri alimfuata ami barazani, akamwambia mbele ya wazee wenzake, "Ami, uzee umekuingia mikononi. Umetuulia gari." Ami akamuuliza kwa upole, "Na wewe mwanangu, hukulitia kitu?" Akaapa: "Wallahi sijaligusa!" Tangu siku hiyo ami haketi barazani. Akishaswali hurudi nyumbani, na kwetu haji.

Kisha nikapanda darini kuanika nguo. Mavyaa, mama wa mume wangu tunayeishi naye, alikuwa akimwagilia mirehani yake. Mmoja umehamishiwa ndani ya galoni jipya lililokatwa juu. Nikasoma maandishi: mafuta ya giaboksi za magari ya kisasa, zile zinazoendeshwa kwa mkanda, si kongwe kama yetu.

"Mama, galoni hili limetoka wapi?"

Akajibu kwa furaha, maskini, hana habari ya lolote. "Kanipa mwanangu, ulipokuwa Lamu. Lau ungemuona siku ile! Yuko tini ya gari, mafuta mpaka kwenye nyusi. Mwenzio yuwakupenda, mama."

Nilishuka nikachomoa dipstiki mwenyewe. Mafuta yalikuwa rangi ya matope, mekundu ya ami yamechanganyika na hayo mengine.

Nilimkabili mume wangu tukiwa wawili tu. Hakukana. Aliketi kitandani akasema muuzaji wa spea Mwembe Tayari alimwambia ndiyo mafuta bora, yafaa gari lolote. "Nilitaka ukirudi ulikute lateleza tu, useme leo nimetengenezewa na mume wangu. Sasa nishaapa mbele za watu. Mke ni vazi la mumewe. Nisitiri." Nilimwonea huruma, na wakati huo huo nilitamani kumpiga kofi. Nikamwambia akamuombe ami radhi. Akasema hawezi. Mafuta hayo hataki hata yamwagwe, kwa sababu fundi yeyote akifungua nati ataona rangi. Gari limesimama, wazazi wa watoto wananipigia simu, na kila nikijaribu kulitoa giaboksi inazidi kuumia.

Nikaenda kwa ami nikiwa nimeshaamua kusema kila kitu. Hakunipa nafasi.

"Nayajua tangu siku ile nilipoipangusa dipstiki," akaniambia. "Sikiza, mwanangu. Aibu yangu mimi mtu mzima itapita. Ya mumeo haitapita, na ni wewe utakayeishi nayo. Nimewaomba wazee wa upande wake waje kwenu Ijumaa. N'taomba radhi, yaishe."

"Radhi ya nini, ami, na hukukosa?"

"Mimi ndiye niliyekuoza. Nyumba yako ikivunjika kwa ajili ya jina langu, babako nimwambieni?"

Nililia njia nzima, buibui langu nimelivuta usoni watu wasione.

Jamani, Ijumaa ni kesho kutwa. Wazee watakaa sebuleni, na mimi ndiye nitakayewapelekea kahawa. Nikinyamaza, nitasimama nimtazame ndugu yake baba akiinamisha kichwa kwa kosa lisilo lake. Nikisema, mbele ya wazee wake mwenyewe baba wa wanangu ataonekana mtu aliyeapa uongo, na sijui kama ataniweka tena. Leo mavyaa kanambia Ijumaa atachuma mrehani apambe sinia ya kahawa, wageni wakipokea wasikie harufu nzuri. Ule wa kwenye galoni, asema, ndio uliostawi zaidi.

Wenye busara zenu nisaidieni kabla siku haijafika: sinia hiyo niibebe na mdomo wangu nimeufunga, au nishuke na galoni lenyewe?