Moshi wa Korosho

Juzi, niliposhuka basi kituo cha Maili Moja na binti yangu, mama mmoja alikuwa akichoma korosho kwenye bati kando ya maduka. Miguu yangu ikakataa kwenda.

"Mama, vipi?" binti yangu aliuliza.

Mimi kimawazo nilikuwa nimesharudi Kisarawe, utotoni, uani kwa bibi. Alasiri ile bibi alikuwa akigeuza korosho kwa kijiti, maganda yakitoa mafuta na kuwaka, moshi wake mkali ukiniwasha koo. Nilichuchumaa karibu naye, nikingoja za kwanza ziive.

"Mwajuma, usitikisike," bibi alisema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia.

Swila alikuwa akipita juu ya mguu wangu. Nilihisi ubaridi wake, na hakuwa na haraka. Nilisikia maganda yakipasuka, na bibi akimtaja Mungu polepole. Nyoka alipoingia kwenye kuni, mpini wa jembe ukashuka mara moja, mara mbili.

Kwa akili yangu ya utoto, moshi ule ulitoka kwa nyoka. Leo najua kwamba ubongo ukishikwa na hofu huhifadhi kila kilichokuwepo, hata kisicho na kosa. Nyoka nimekutana nao tangu hapo, wala hawanitishi sana.

Lakini kila likizo bibi alinichomea korosho, akanimenyea, akaniwekea kwenye kisahani. Kila likizo nilikisukuma.

"Haya, mjukuu wangu wa mjini," alikuwa akisema, kisha akizila mwenyewe.

Alifariki akiamini kwamba naringa.