Salamu za Mama kutoka Ayalandi

Safari ya Ayalandi niliitaka mimi. Mama hakuwahi kuitaja nchi hiyo maishani mwake. Mimi ndiye niliyekaa ofisini Jumeirah Lake Towers, meza ya jirani na mwanamke wa huko, ambaye kila Agosti, joto la Dubai likizidi, alinionyesha picha za kwao: majani, mvua, majabali ya baharini, barabara nyembamba zenye kuta za mawe pande zote mbili. Miaka mitatu nilizitazama picha zile. Nilipopata likizo na viza nikamchukua mama, kwa sababu baba alikuwa ameshafariki na kumwacha mama peke yake nyumbani Mirdif nisingeweza. Watu wakanisifu kwamba namtembeza mzazi. Nilizipokea sifa zote bila kubakisha.

Simu yake nilimwambia aiache nyumbani, moja yatutosha. Alikuwa na dada mmoja tu, mama yangu mkubwa, yuko Unguja, anaumwaumwa, na kila siku baada ya chai ya asubuhi walikuwa wakizungumza. "Utazungumza naye kwa yangu," nikamwambia.

Dublin tulikaa siku mbili. Mama alivaa koti la mvua juu ya buibui, akatembea taratibu, akasimama kwenye kila dirisha lenye maua. Hotelini hakula ila mayai na mkate, na chai aliitia hiliki aliyoifunga kwenye kitambaa, mbele za watu. Nilimwonea haya, nakiri. Tulipokodi gari kwenda Galway akafurahi kuona huko wanaendesha kushoto. "Kama kwetu!" akasema. Miaka thelathini ya Dubai haikumfanya auzoee upande wa kulia. Vijijini, madereva tuliopishana nao waliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Ndiyo salamu yao, lakini mama hakukubali kujibu salamu kwa kidole. "Hamjambo? Mwaenda wapi na mvua hii?" Gari lilishapita zamani, yeye bado anauliza watoto hawajambo.

Habari ilinikuta kwenye kituo cha mafuta, nje kidogo ya Galway. Binti wa mama mkubwa aliandika kwamba mama yake amefariki alfajiri, wanazika baada ya adhuhuri, nimwambie mama kwa upole. Mama alikuwa ndani ya gari anakula tufaha. Akanipungia mkono.

Sikumwambia. Baadaye nilijipa sababu: presha yake, umbali, mazishi hatutayawahi. Zote zilikuwa na ukweli kidogo. Lakini sababu iliyonijia kwanza ilikuwa majabali ya baharini, yale niliyoyatazama miaka mitatu kwenye picha. Tulikuwa tuyaone kesho yake. Nilijua nikifungua mdomo tu safari imekwisha, tutageuza gari, tutapanda ndege ya Dubai, na kutoka Dubai ya Unguja, tuwahi angalau hitima ya siku ya tatu. Na tungewahi. Nilipiga hesabu ya masaa pale pale kituoni, na tungewahi.

Nikamjibu binti yule: "Nimemwambia. Analia sana, hawezi kuzungumza." Nikarudi garini. Mama akauliza mbona uso umenipauka, nikasema baridi.

Kesho yake tulikuta kondoo barabarani, wamepakwa rangi nyekundu mgongoni, maana kila mfugaji ana alama yake. Mama akacheka mpaka akajishika mbavu. "Hebu lete simu nimhadithie dada."

"Mtandao mbaya, mama."

"Jaribu. Tangu juzi sijamsikia, atadhani nimemsahau."

Nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikamsogezea.

"Dada! Huku kondoo wanatiwa hina! Wallahi, mgongo mzima! Wenzio wanakwenda harusini, wewe umelala tu. Inuka!" Akacheka tena, kicheko chake kile cha kuvuta pumzi. Kidole changu kilikuwa juu ya kioo, na macho yake yalikuwa kwenye kidole changu. Nikajiambia simu ya marehemu itakuwa imezimwa. Nikatuma.

Majabali tuliyakuta yamefunikwa na ukungu, tukanywa chai tukaondoka. Jioni nikaona alama kwamba ujumbe umesikilizwa. Hakuna aliyejibu. Siku nne zilizobaki, kila asubuhi nilikuwa na uongo mpya, na mama aliamini wote.

Nilimwambia nyumbani Mirdif, siku tuliyorudi, ameshaswali adhuhuri na bado amekaa kwenye msala. Hakupiga kelele. Alisema inna lillahi, kisha akauliza, "Lini?" Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole mpaka akafika siku ya kondoo.

"Matanga yameshaondolewa," akasema. "Wamekaa siku tatu. Miye sikukaa hata moja."

Akaitaka simu yake. Huwa anaiweka sauti ya juu, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Walilia pamoja kidogo, halafu binti akasema, kwa adabu kabisa: "Mama mdogo, dada, huyo mwanao, aliniandikia kuwa keshakwambia. Siku ya pili ikaja sauti yako. Simu ya mama tuliiacha wazi kwa ajili ya wanaotoa pole. Tulidhani umeleta dua, tukaifungulia mbele za watu."

Mama akanitazama. Tulikuwa tumekaa magoti yanakaribia kugusana. Lilikuwa neno langu kulisema, na nilipewa nafasi ya kutosha kulisema. Nikautazama msala.

"Nisamehe, mwanangu," mama akasema kwenye simu, bado ananitazama mimi. "Utu uzima huu. Majonzi yalinirusha akili."

"Haya, mama mdogo," binti akajibu.

Mama hajakwenda Unguja tangu siku ile. Akiulizwa husema ni magoti. Hajanilaumu hata mara moja, na huko kwa watoto wa dada yake, yeye ndiye aliyecheka msibani. Kila Idi namtumia binti yule salamu. Hunijibu vizuri, huniuliza hali ya mama, nami humwambia hajambo.