Katekista na Maana ya Jumuiya

Kila Jumatano, kabla hatujaanza kusali jumuiya, sala ya majirani Wakatoliki inayozunguka nyumba kwa nyumba, katekista wetu hufuta miwani kwa ncha ya shati na kutueleza upya neno lenyewe. "Jumuiya," husema kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya mitihani, "ni neno lililotoka kwa Waarabu. Maana yake ni kukusanyika. Hata Ijumaa ni ndugu yake." Tumeshalisikia mara mia, lakini bado huinua kidole kana kwamba amelichimbua asubuhi hiyo migombani kwake. Kisha hutuhesabu kwa kidole hicho hicho. Tusipofika watano, huahirisha: "Punje moja ya kahawa si gunia."

Jumatano iliyopita ilikuwa zamu ya Ma Kokwijuka, ambaye miguu haimfikishi tena kanisani. Alikuwa ametandaza nyasi mbichi sebuleni na kuweka kahawa ya kutafuna kikapuni. Mvua ikanyesha, tukawa wanne tu: yeye, mama yangu, mimi na katekista. Katekista akahesabu, akarudia, kidole kikabaki hewani.

"Mwalimu, ndiyo mnaondoka?" akauliza Ma Kokwijuka.

Katekista akatoka kwenda mvuani, akarudi amemshika mkono mzee wa jirani, Ta Ishengoma, Mlutheri, aliyejifunika jani la mgomba kichwani.

"Mwalimu, mimi ni wa usharika, si wa jumuiya!"

"Vizuri sana. Usharika ni kushiriki. Keti ushiriki."

Ma Kokwijuka akacheka, akampa yeye kwanza kahawa. Tukasali. Maana ya jumuiya hakuieleza siku hiyo, na mimi sikumkumbusha.